Mtoto Mwenye Kubuni ni Amana ya Wazee Wake



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili ya kufikiri na mikono ya kutenda, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Maneno haya yahusu jambo ambalo aghlabu wazee hulipita bila ya kulitazama, nalo ni kipawa cha mtoto cha kubuni vitu kwa mikono yake. Mwenye kutembea katika mitaa ya Gisenyi, kutoka ufukoni mwa Ziwa Kivu hata Mbugangari, hakosi kumwona mtoto ameinama chini, mkononi ana kipande cha waya, kifuniko cha chupa na raba ya gurudumu kuukuu. Mmoja aunda motokaa ya waya. Mwengine aviringisha majani makavu ya migomba yawe mpira, ule ambao Wanyarwanda huuita karere. Wa tatu achonga gurudumu la mti, apate kigari cha kuchukulia bidoni za maji. Watu wazima hupita wakasema: "Huyo acheza tu." Ni kweli, acheza, lakini ndani ya mchezo ule mna kazi ya akili, na ndani ya kazi ile mna manufaa ya jamaa nzima. Suala lenyewe ni hili: mtoto huyo akifikia umri wa miaka 15, akili yake ile itakuwa imekwenda wapi?

Jawabu yake si nyepesi, khususan katika mji wa mpakani. Mji wa mpakani una riziki nyingi, na mitego yake ni mingi vile vile. Mtoto mwepesi wa fahamu ndiye wa kwanza kutafutwa na watu wa magendo, kwa kuwa ajua vichochoro, ajua kufunga mzigo, ajua kutengeneza kilichovunjika. Akili ile ile iliyounda kigari cha maji yaweza kubuni namna ya kuficha bidhaa chini ya nguo. Akili haikai tupu. Isipolelewa na watu wema, hulelewa na waovu, na wazee hushtuka siku ya kuitwa polisi, ilhali mlango ulikuwa wazi miaka mingi na hapana aliyeingia.

Wahenga walisema, udongo upatize ungali maji.  Mfinyanzi huushika kwa mikono miwili, akaufuata nao ukamfuata, hata ukawa chungu. Hivyo ndivyo ilivyo akili ya mtoto.

Mtu asidhani ya kuwa mambo ya kubuni ni ya Ulaya na Marekani peke yake, wala ya kuwa hayawezekani ila kwa viwanda na fedha nyingi. Jirani kabisa, katika mji wa Goma, iko sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, iliyosimamishwa mwaka 2009. Sanamu nyingi za mijini ni za wafalme na majemadari. Hii ni ya mchukuzi wa mizigo na chombo chake cha mbao, yaani chukudu. Kila mtu wa Gisenyi aijua chukudu, na kwa kuwa aijua sana, hajapata kuistaajabia. Basi na aitazame tena kama aionaye leo.

Chukudu ilizuka katika Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970, zama ambazo motokaa zilikuwa haba na barabara mbovu, na mkulima wa milimani alikuwa na viazi na kabichi lakini hana njia ya kuvifikisha sokoni ila kichwani mwa mkewe. Fundi akatwaa mti wa mkaratusi kwa ubao mrefu, akatwaa mti mgumu zaidi kwa magurudumu mawili, akayavika raba iliyokatwa katika matairi mabovu yasiteleze wala yasimegeke kwa mawe ya volkano. Mbele akaweka usukani mpana kama pembe za ng'ombe. Juu ya ubao mchukuzi huweka goti moja, na kwa mguu wa pili husukuma ardhi. Afikapo kwenye mteremko hupanda, na uzito wa mzigo wenyewe humteremsha mpaka mjini. Chombo hicho huchukua mamia ya kilo za makaa, saruji au viazi. Hakili petroli, wala hakingoji kipuri kutoka ng'ambo, na kikivunjika hutengenezwa na aliyekiunda, mtaa huo huo. Wako watu waliooa, waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa ubao ule wa magurudumu mawili.

Tena uko mfano wa pili ulio karibu zaidi. Kwa miaka mingi, katika mpaka mdogo kati ya Gisenyi na Goma, wameonekana watu wenye ulemavu wa miguu wakichukua bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, zinazoendeshwa kwa mikono, na nafasi kubwa ya mzigo nyuma. Mafundi wa mitaani waliziunga kwa vyuma na vipande vya baiskeli kuukuu. Mtu aliyekuwa akikaa penye mlango wa msikiti akinyoosha mkono, akawa mfanya biashara mwenye mteja na mwenye hesabu. Chombo kile kilimwondolea mtu fedheha ya kuomba. Hakuna sadaka iliyo bora kuliko ile inayomfanya maskini asihitaji sadaka tena.

Katika mifano hii miwili yapatikana mafunzo matatu. La kwanza, kubuni kwenye manufaa huanza kwa haja ya watu, fundi hakuuliza, "Nitengeneze nini cha ajabu?" bali aliuliza, "Jirani yangu ana taabu gani?" La pili, vitu vya kufanyia kazi vilikuwa vile vile vilivyopo, mti, raba na chuma kibovu. La tatu, hapana mtu mmoja aliyekamilisha peke yake. Huyu alibuni, yule akarekebisha, wa tatu akaongeza breki, hata chombo kikakomaa.

Na watoto je? Watoto wa Rwanda wanacho kigari chao cha mbao kiitwacho igicugutu, ndugu mdogo wa chukudu. Katika vijiji vya chini ya milima ya volkano maji ya mvua huzama upesi ndani ya mawe, mito ni michache, na mtoto hutumwa mbali kutafuta maji. Mtoto aliyechoka kubeba bidoni kichwani ndiye aliyejua thamani ya gurudumu. Ni kweli kwamba kigari kile kina hatari, hasa penye miteremko na barabara kuu za lami, na mzazi ana haki ya kuogopa. Lakini pana tofauti kubwa baina ya mzee anayekitwaa kigari akakipasua kuni, na mzee anayekitwaa akasema: "Njoo, tukitie breki, na usipite nacho barabara ya magari." Wote wawili wamemlinda mtoto asife. Wa pili ameilinda na akili yake isife.

Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali za nchi nyingi ziliamuru watu wanawe mikono kila mara. Katika kaunti ya Bungoma, magharibi ya Kenya, mtoto wa miaka 9 jina lake Stephen Wamukota aliona ya kuwa watu wote hushika bomba lile lile, na mkono uliooshwa hurejea kwenye uchafu. Baba yake alikuwa amenunua mbao za kutengeneza dirisha. Aliporudi kazini alikuta mbao zake zimekuwa mtambo: ukikanyaga kipande cha mti chini, chombo cha maji huinama na kumwaga, ukikanyaga cha pili, hutoka sabuni, na mkono haugusi kitu. Mtambo ulikuwa bado walegea. Basi baba yule angeweza kumpiga mwanawe kwa kuharibu mbao za dirisha, na watu wangemwona ana haki. Badala yake alishika nyundo, akamsaidia kuukaza. Tarehe 1 Juni 2020 mtoto yule alitajwa miongoni mwa watu waliopewa nishani na Rais wa Kenya. Nishani ilivaliwa na mtoto, lakini heshima yake nusu ni ya baba aliyeisamehe mbao yake.

Kisa cha Richard Turere wa Kenya hakiko mbali na hicho. Alikuwa mtoto wa Kimasai akichunga ng'ombe wa baba yake karibu na mbuga ya wanyama ya Nairobi, na simba walikuwa wakiwala usiku. Aliwasha moto, haukufaa. Aliweka sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Usiku mmoja, akitembea na tochi, akagundua ya kuwa simba huogopa mwanga unaotembea. Akakusanya betri kuukuu ya motokaa, kipande cha sola, kidude kinachowasha na kuzima taa za pikipiki, na balbu za tochi, akazungushia zizi taa zinazomulika kwa zamu, hata simba akadhani pana mtu anayetembea. Alikuwa na umri wa miaka 11 tu alipoanza. Simba hakuuawa, ng'ombe hakuliwa. Mwaka 2013 alisimama Marekani mbele ya hadhara kubwa akaeleza kazi yake, na humo alisimulia ya kuwa alijifunza mambo ya umeme kwa kuifungua redio mpya ya mama yake, na mama akakasirika mno. Redio ile iliharibika kweli. Mwenye kupima na apime: redio moja kwa zizi zima la ng'ombe.

Lakini si kila mtoto hukutana na mtu wa kumkazia mbao zake. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba huko Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa maziwa yachemshwe, yapoe, ndipo yatiwe katika jokofu. Yeye kwa kuharakia nafasi akayatia yangali moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenziwe yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye alihamia shule ya Mkwawa, Iringa, na huko aliambiwa na mwalimu ya kuwa hiyo ni elimu ya Mpemba, si elimu ya watu wote, na tangu hapo kila akikosea hesabu alitajiwa hiyo hesabu ya Mpemba. Wenzake wakamcheka. Na alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, akasimama akauliza tena. Wanafunzi wakacheka tena. Mgeni hakucheka. Alirudi akaagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakaandika makala pamoja katika jarida la wataalamu wa fizikia. Hata leo wataalamu wa dunia wabishana juu ya jambo hilo, nalo laitwa kwa jina la yule kijana. Ni watoto wangapi waliochekwa mara ya kwanza wakanyamaza, wasiulize mara ya pili?

Waislamu ndio wanaopaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Imepokewa katika hadithi sahihi ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba zake juu ya mti ambao majani yake hayapukutiki na mfano wake ni kama Muislamu. Wazee wakataja miti ya majangwani. Abdallah bin Umar, naye kijana kuliko wote kikaoni, alitambua ndani ya moyo wake ya kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Alipomweleza baba yake baadaye, Sayyidna Umar hakumwambia kwamba amefanya adabu kunyamaza. Alimwambia angependa mno lau angalisema. Adabu ya Kiislamu ni kumheshimu mkubwa. Haikuwa kamwe kumziba mdogo kinywa.

Tena katika karne ya tisa ya Miladi, huko Baghdad, walikuwako ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wana wa Musa bin Shakir. Baba yao alikufa wakabaki mayatima, na Khalifa al-Ma'mun akausimamia ulezi wao, wakasomeshwa penye vitabu na wataalamu. Mayatima wale walipokua wakaandika kitabu chenye kueleza vyombo kama 100 vya kubuni: taa inayojisogezea utambi wenyewe, chombo cha kuokotea vitu vilivyozama chini ya maji, na kifaa cha kumwezesha mtu kuvuta hewa safi ashukapo kisimani penye hewa mbaya. Fikira yao ilikuwa juu ya mchimba kisima asije akafa. Na haya yalipatikana kwa kuwa mtu mzima alipowaona mayatima, aliona zaidi ya matumbo ya kulisha.

Waislamu wa Rwanda wana habari yao wenyewe katika mlango huu. Zama za utawala wa Wabelgiji, uliokwisha mwaka 1962, shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, na Waswahili walitengwa katika kambi zao. Mtoto wa Kiislamu aliyekosa shule alifuata gereji, cherehani, usukani wa lori au duka. Ndiyo sababu hata baadaye, baada ya jumuiya ya Waislamu wa nchi hii kuundwa mwaka 1964, jina la Muislamu lilikwenda pamoja na jina la fundi na dereva. Watu walidhani ule ni unyonge. Kwa hakika ulikuwa ni urithi: wazee wale walifundishana kwa mikono, bila ya vitabu, wakalea jamaa zao kwa halali. Leo milango ya shule i wazi, na hiyo ni neema ya kushukuriwa. Lakini ingekuwa hasara kubwa ikiwa mtoto ataipata kalamu na papo hapo aipoteze bisibisi ya babu yake. Vitu hivi viwili havigombani.

Basi yafaa kufanywa nini? Haya machache yawezekana bila ya kungoja msaada wa mbali.

Kwanza, kila madrasa na itenge pembe moja na saa moja kwa juma, pawe na sanduku la vyombo vichache: nyundo, msumeno, koleo, waya, misumari na vipande vya mbao. Mafundi wa mtaa washike zamu kuwakalia watoto, mmoja juma hili na mwengine juma lijalo. Mtoto na ajifunze kwanza kutunza vidole vyake.

Pili, watoto wasiulizwe watabuni nini. Na waonyeshwe haja. Msikitini maji ya udhu hupotea kwa bomba lililoachwa wazi: ni nani atakayebuni bomba la kukanyaga kwa mguu, mfano wa yule mtoto wa Bungoma? Mzee kipofu hujikwaa ngazini: ni nani atakayemwekea kamba au kengele? Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliujaza mto Sebeya, na mafuriko na maporomoko yakaua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini ya nchi, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa mahali palipopata msiba mzito. Mtoto aliyeiona siku ile hahitaji kuhimizwa ajue haja ya kipimo cha maji kando ya mto, au king'ora cha kuwaamsha jirani. Kifaa chake hakitashika mahali pa kazi ya serikali, lakini kitamfunza kuwa macho kwa ajili ya wenziwe.

Tatu, wasichana wasisahauliwe. Anayebeba maji, anayepuliza moto wa jiko na kulea mdogo wake mgongoni ndiye ajuaye taabu ya nyumba kuliko wote. Kumwacha nje ya pembe ile ni kumfukuza shahidi aliyeona.

Nne, siku za Idi, baada ya sala na mkono wa heri, vyombo vya watoto na viwekwe uwanjani watu wavitazame. Kilichoshindwa nacho kiwekwe, na mtoto aeleze kilishindwa kwa nini. Mcheza kwao hutuzwa; na tuzo ya mtoto si lazima iwe fedha. Mara nyingi yatosha mzee mwenye heshima asimame, ashike kile chombo kwa mikono miwili, aulize: "Hiki hufanyaje kazi?" na angoje jawabu.

Tano, na hili ni la kuonywa sana: mtoto asidhulumiwe. Akibuni kitu kikaleta faida, jina ni lake na faida ni yake. Mkubwa anayeichukua fikira ya mtoto na kuiuza kwa jina lake, amekula mali ya mdogo asiyeweza kujitetea, na huyo mdogo hatabuni tena.

Wako watakaosema ya kuwa mambo haya yatamtoa mtoto katika masomo na Kurani yake. Saa moja kwa juma haimtoi mtu katika lolote. Nabii Nuhu aliunda jahazi, na Nabii Daud alifua chuma akala jasho la mkono wake, wala kazi haikuwapunguzia daraja zao. Na wako watakaosema vitu vya watoto havidumu. Ni kweli, vingi vitavunjika kabla ya magharibi. Lakini kinachojengwa pale hasa ni mtu, na huyo ndiye atakayedumu.

Mwenyezi Mungu awabariki watoto wa Gisenyi, mayatima wao na wenye wazazi, awape fahamu yenye manufaa na mikono ya halali. Awape na wazee subira ya kuisamehe mbao iliyokatwa na redio iliyofunguliwa. Amin.